Chapa ya Vidole Vinne

Morogoro, Jumanne, 1 Machi 1910

Daftari hili lilirowa upande mmoja ndani ya behewa, na Bwana Köster, Mjerumani mkuu wa ghala letu, akasema halifai tena kazi ya ofisi. Mimi linanifaa. Basi naanza: jina langu Dadi bin Athumani, mzaliwa wa Pangani, miaka ishirini na minne, nimesoma shule ya serikali Tanga, na sasa ni karani na mkalimani wa kampuni ya Schlüchtermann na Wanawe katika ghala lao la Morogoro. Huu ni mwaka wa pili niko chini ya milima hii, na bado sijawazoea watu wanaofurahi mvua ikiwanyeshea kichwani.

Kampuni yetu ni kubwa, ina maghala kutoka Tanga mpaka Lindi. Nguo ya marekani, sabuni, viberiti, mafuta ya taa, sindano, sufuria, vyote tunauza. Hakuna nyumba hapa mjini isiyo na kitu chetu, na hakuna mtu hapa mjini anayejua kwamba ni chetu.

Leo imekuja barua kutoka makao makuu Hamburg inayosema hayo hayo kwa ukali. Sabuni ina picha ya meli, viberiti vina jogoo, marekani ya mwaka juzi ilikuwa na nanga, ya mwaka jana nyota, ya mwaka huu haina kitu. Mtu akinunua mara moja hajui aulizie nini mara ya pili. Kila ghala lipendekeze chapa moja kwa bidhaa zote kabla masika hayajaisha. Ghala litakaloshindwa litafungwa. Bwana Köster aliisoma mara mbili, akapiga miluzi, akanikabidhi. "Wewe unawajua watu hawa," akasema. Sikumwambia kwamba siwajui.

2 Machi

Mvua. Nimechora simba. Ametoka kama mbwa wa jirani.

4 Machi

Nimekwenda dukani kwa Harshad, Mhindi wa barabara ya stesheni, nikijifanya nataka wino. Alijua nilichofuata. Harshad anajua hata nani kapika nini.

"Mteja wangu akija anasema, nipe ya Harshad," akaniambia huku anakunja karatasi. "Wako akija anasema nini? Nipe ile. Ipi? Ile ile. Kampuni ina vitu mia, bwana karani, na jina hata moja la kutamkika."

Nilimjibu kwamba jina letu linajulikana Ulaya nzima. Akaniuliza kama Ulaya wanakuja kununua viberiti Morogoro. Nimerudi na wino nisiouhitaji na hasira ninayoihitaji.

7 Machi

Leo ameshuka Rehani. Niandike habari zake, maana ndiye mchuuzi wetu pekee anayepanda Kinole na vijiji vya huko juu. Ni Mluguru wa huko huko, umri kama miaka hamsini na mitano. Zamani alikuwa mpagazi wa misafara, sasa anabeba bidhaa zetu kwa mzega, mzigo mbele na mzigo nyuma. Mkono wake wa kulia una vidole vinne. Cha mwisho kilibaki kwenye mashine ya kusaga miwa huko Bagamoyo. Hazungumzi sana. Anatembea kana kwamba mlima ni wa baba yake, ingawa kwao mali ni ya upande wa mama.

Amerudisha majora matatu ya marekani. Kila safari anarudisha. Bwana Köster amepandwa na hasira: mchuuzi kazi yake kuuza, si kurudisha.

"Mwambie Bwana hii si nguo," Rehani akasema. "Huu ni wanga uliofungwa na uzi."

Nikatafsiri kwamba wateja wa juu hawana haja nayo kwa sasa. Mkalimani mzuri hulainisha.

10 Machi

Nimepanda Kinole na Rehani kupitia Kiroka, ili niulize watu wa gulio wanapenda picha gani. Miguu yangu haitanisamehe. Njia ni tope, juu ya tope ni jiwe, juu ya jiwe ni kizee mwenye mkungu wa ndizi anakupita anacheka.

Lakini nimeona jambo. Rehani akifika gulioni hafungui mzigo na kupiga kelele kama wachuuzi wengine. Anachana kipande cha kiganja kimoja kwenye mwisho wa jora, anashuka nacho kijitoni, na watu wanamfuata. Anakilowesha, anakisugua juu ya jiwe kwa ule mkono wenye vidole vinne, maji yanatoka meupe kama tui. Anasugua mpaka maji yatoke safi. Kisha anampa mnunuzi kile kilichobaki, ashike, avute, atazame jua kupitia kwake. "Hii ndiyo nguo unayonunua," anasema. "Iliyokwenda na maji haikuwa yako." Kikiwa chepesi mno, anafunga jora lile na hakuna atakayeliona tena siku hiyo. Hapo ndipo yanapotoka yale majora matatu.

Nikaanza kuuliza. Nguo hii inaitwaje? Ya Rehani. Na sabuni? Ya Rehani. Viberiti vyenye jogoo? Ya Rehani, hata jogoo ni wa Rehani.

Mama mmoja auzaye manjano, Mwaisha, mtu mzima mwenye macho makali, aliniuliza mimi natafuta nini hasa. Nikamwambia mali hii ni ya kampuni. Akataka jina. Nililitamka jina la kampuni polepole, likamshinda, likawashinda na wengine, wakacheka mpaka mwingine akakaa chini.

"Huyo kampuni," Mwaisha akasema, "mama yake nani? Ukoo gani?"

"Kampuni si mtu, mama."

"Basi kama si mtu, nguo yake ikinichanikia nimwendee nani?"

Nilicheka pamoja nao. Usiku nimelala kwa Rehani na wazo limeniingia kichwani, halitoki.

13 Machi

Nimechora mkono. Kiganja wazi, vidole vinne. Si simba, si taji. Mtoto wa Kinole akiuona tu atajua ni wa nani. Bwana Köster alipouona alinipiga begani mpaka wino ukamwagika.

Tukamwita Rehani, nikamweleza: mkono wako utapigwa kwenye kila jora, kila karatasi ya sabuni, kila boksi la viberiti. Utapewa koti na cheo cha mchuuzi mkuu. Aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu. Akauweka mkono wake kando yake, akalinganisha.

"Mwambie Bwana," akasema, "mkono nampa. Lakini nguo ambayo sijaifua mimi mwenyewe isipigwe mkono wangu. Majora yakija, nichane kila moja, nilifue mtoni. Litakalofaa lipigwe. Lisilofaa lirudi kwao. Hilo ndilo sharti, na mengine sitaki, hata koti."

Bwana Köster akaniuliza amesema nini.

Nilijua. Niandike humu, maana hapa sina wa kumdanganya: nilijua vizuri kabisa kwamba nikilitafsiri sharti lile, mambo yote yatakufa pale pale, na cheo nilichokitumaini pamoja nayo. Majora mia nne kwa mwezi, mzee mmoja ayafue mtoni? Nikasema, "Amekubali. Anashukuru."

Bwana Köster akamshika Rehani ule mkono. Rehani akanitazama mimi. "Amekubali sharti?" Nikasema amekubali.

15 Machi

Alois, seremala aliyesomea misheni, anachonga muhuri wa mvule. Ameniuliza kama kidole kilichokatika akiache kisiki au akifute kabisa. Nimemwambia aache kisiki.

18 Machi

Nimepiga majora sitini. Haya ya kwanza Rehani ameyafua kweli, siku mbili nzima mtoni, amekataa kumi na moja. Bwana Köster alikuwa safarini Kilosa. Akirudi yale kumi na moja yatapigwa tu.

24 Machi

Maulidi. Ghala limebaki tupu. Wachuuzi wanne wapya wamechukua mizigo ya kwenda juu, na wote wamerudi na mizega mitupu. Wanasema hawakuhitaji kusema neno. Walionyesha chapa tu, watu wakaja. Bwana Köster amepeleka simu ya maandishi Dar es Salaam. Mimi sasa ni karani mkuu. Nimemwandikia mama yangu Pangani.

29 Machi

Rehani ana homa. Amelala kwenye kibanda cha wachukuzi nyuma ya ghala, anatetemeka chini ya blanketi mbili. Leo behewa zima la marekani limefika, majora mia tatu.

30 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimepiga muhuri majora mia na ishirini. Mikono yangu na koti vimekuwa vyeupe mpaka kwenye viwiko. Ni chaki na wanga. Ukilipiga jora, linatoa vumbi kama mkeka wa nyumba iliyohamwa. Nimeendelea kupiga.

31 Machi

Mia na themanini yaliyobaki.

2 Aprili

Harshad amepita ghalani, akaomba kuona. Akashika ncha ya jora, akaisugua kati ya vidole viwili kama mtu anayeonja unga, akaangalia kilichobaki mkononi. Nilimwuliza kama anataka kuchukua majora hamsini ya duka lake.

"Hapana, asante."

"Chapa hii inauzwa mpaka Matombo."

"Ndiyo maana sitaki," akasema. "Mkono huu namjua mwenyewe. Yeye anaujua mzigo huu?"

Nikamjibu kwamba wivu wa mfanyabiashara hauna dawa. Alikwenda zake bila kugombana, na hilo liliniudhi zaidi.

5 Aprili

Nimempelekea Rehani uji. Homa imemla, amebaki mifupa na macho. Kitu cha kwanza aliniuliza ni hicho hicho.

"Majora yale mapya, karani. Mnayafua?"

Wachuuzi tisa walikuwa wameshapanda nayo tangu jana.

"Tunayafua, mzee. Nimeweka vibarua wawili mtoni."

"Wanachana upande wa mwisho? Wasichane wa mbele. Wa mbele daima unafumwa vizuri."

"Wa mwisho."

Akafumba macho, akasema Mungu anibariki mwanangu, akalala usingizi. Nilikaa pale na bakuli mkononi. Ningeweza kumwamsha. Nilijiambia mgonjwa hapewi habari za kazi, na ni kweli hapewi, lakini hiyo siyo sababu ya mimi kunyamaza.

8 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Mvua. Simu kutoka Dar es Salaam: pongezi.

14 Aprili

Mvua. Njia ya Kiroka imekatika mahali pawili. Mchuuzi mmoja aliyerudi anasema watu wameanza kuuliza uliza. Nimemwambia asinililie.

20 Aprili

Rehani amepona, amekwenda kwao. Kabla ya kuondoka alinishukuru kwa uji. Natamani asingenishukuru.

26 Aprili

Amerudi leo adhuhuri, bila mzega. Nilikuwa naandika lebo. Aliingia, hakuitikia salamu yangu, akakaa kwenye sakafu karibu na mlango, maji yakimchuruzika. Bwana Köster alikuwa bomani. Tulikuwa wawili tu. Nitaandika alivyosema, kwa sababu alisema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

Kaka yake Mwaisha amefariki, yule mama wa manjano. Alikuwa mjomba wa watoto wake, na kwa Waluguru mjomba ndiye nyumba. Alikuwa Mwislamu. Walitaka sanda nzuri, na nguo nzuri Kinole ni moja. Walinunua yenye mkono. Hawakuifua kipande, kwa nini waifue? Mkono si ndio unaosema imeshafuliwa?

Wakamwosha, wakamvisha. Maji ya kuoshea yakaanza kuilegeza. Wakatoka naye kwenda makaburini, mvua ikawakuta njiani, ile mvua ya huko inayoanguka kama inamwagwa na mtu. Mpaka wanafika, wanga wote umeshuka. Kilichobaki ni wavu. Walipomshusha, sanda ikapasuka kutoka begani mpaka kiunoni, na yule mtu mzima, mzee wa ukoo, akabaki uchi mbele ya wajomba na wapwa na wakwe zake, mvua inampiga. Wanaume walisimama na kamba mikononi hawajui washushe au wapandishe. Ndipo Mwaisha, aliyekuwa nyuma na wanawake, akapita mahali ambapo mwanamke hapaswi kupita. Akavua kaniki yake begani, akaitupa juu ya kaka yake. Akazikwa nayo, nyeusi.

"Mimi nimefika siku ya nne," Rehani akasema. "Nikapiga hodi msibani. Hakuna aliyeitikia. Mndewa, mkuu wa ukoo wao, alitoka, akaniwekea kipande cha ile nguo ya sanda mbele ya miguu. Mkono wangu uko juu yake, na chini yake unaona udongo. Akasema, Rehani, usikanyage msiba wowote wa milima hii mpaka utuambie nguo hii ni ya nani, kama si yako. Na ukifa wewe, tutaona nani atakubeba."

"Ungewaambia ni ya kampuni."

"Niliwaambia. Wakaniuliza kampuni ni nani."

Kisha akaniuliza, taratibu, wale vibarua wawili wa mtoni wanaitwa nani, maana angependa kuzungumza nao.

Nikasema wameshaondoka. Wamekwenda Kilosa.

Huu ni uongo wa tatu. Ule wa kwanza niliusema kwa ajili ya cheo, wa pili kwa uvivu wa moyo, na huu wa leo nimeusema kwa woga mtupu.

27 Aprili

Sikula.

3 Mei

Nimemwambia Bwana Köster kwamba nguo ni mbaya. Akasema anajua, yeye si kipofu. Inatoka Hamburg, ni ya bei ya chini, wanunuzi wa kampuni kule wanaifahamu. Nikasema watu wa milimani wanamlaumu Rehani. Akafikiri kidogo. "Hiyo ina maana chapa inajulikana," akasema. "Ndicho walichotutaka tufanye." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta kiberiti mfukoni, na boksi alilolitoa lilikuwa na mkono.

6 Mei

Wachuuzi sita wamerudi na mizigo yao kama walivyokwenda. Mmoja ametupiwa ndizi mbovu Kinole. Mwingine anasema huko Matombo mtu hata hafungui mlango. Anachungulia, anaona mkono, anafunga.

9 Mei

Rehani anakaa mlangoni pa ghala kila siku, asubuhi mpaka jioni. Hapandi kwao. Haombi kitu. Mkono wa kulia anauweka ndani ya kanzu, kama mwenye kidonda. Ninampita mara ishirini kwa siku na kila mara namsalimu shikamoo, na yeye anaitikia marahaba, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu.

Nilikuwa nikimwona mshamba aliyezoea mzigo. Sasa naona kwamba katika ghala lote hili, lenye bidhaa mia, kitu pekee kilichokuwa na thamani ni kile tulichomchukulia yeye.

12 Mei

Nyota yenye mkia inaonekana alfajiri. Harshad anasema bila shaka ni ya kampuni yetu, maana kila mtu anaiona na hakuna anayejua jina lake. Watu dukani walicheka. Mimi pia nilijaribu.

16 Mei

Simu: Bwana Mkubwa wa Dar es Salaam anakuja kwa treni ya Alhamisi. Anataka kujua kwa nini chapa iliyouza kuliko zote mwezi Machi haijauza hata jora moja mwezi Mei. Anataka pia kumwona mwenye mkono.

18 Mei

Bwana Köster ameniita, akafunga mlango. Kesho nitatafsiri mimi. Amenipangia la kusema: Rehani ni mzee, amegombana na jamaa zake, mambo ya kienyeji, yatapita. "Wewe una akili, Dadi," akasema. Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina tangu nije.

Nikikubali, Rehani hatakuwa na msiba wa kwenda wala wa kwake mwenyewe. Nikikataa, sina kazi, na kule Pangani mama yangu amekwisha waambia mtaa mzima kuhusu karani mkuu. Nimeandika hivi nione kama mizani itakuwa nyepesi kwenye karatasi. Haikuwa.

19 Mei, Alhamisi

Bwana Mkubwa ni mtu mfupi, msafi, anayesikiliza kwa kuinamisha kichwa. Alikaa kwenye kiti cha Bwana Köster. Rehani alisimama mbele ya meza. Aliombwa auonyeshe mkono. Akautoa kwenye kanzu, akauweka juu ya meza, na Bwana Mkubwa akaulinganisha na chapa kwenye jora, akatabasamu, kwa kuwa uchoraji wangu ni mzuri.

"Muulize," akaniambia, "kwa nini watu wake hawanunui tena."

Nikauliza.

Rehani hakumtazama Bwana Mkubwa. Alinitazama mimi. "Mwambie hivi, karani, na usiache neno. Mkono niliutoa kwa sharti. Nguo nisiyoifua mimi isipigwe. Kama sharti lile lilimfika akalivunja, basi huyu Bwana Köster ni mwongo, na nimemaliza. Kama halikumfika, nataka kujua liliishia wapi."

Alikuwa anajua. Sijui tangu lini. Labda tangu nilipowapeleka wale vibarua Kilosa.

Bwana Köster aliingilia haraka, akasema mzee analalamika kuhusu koti. Bwana Mkubwa aliinua kidole, akanisubiri.

Nikatafsiri. Nilianza na sauti yangu ya kazi, ile ya kulainisha, ikanikatikia njiani, nikaendelea na nyingine. Neno kwa neno: mkono, sharti, kufua, mwongo. Nilipofika mwisho nikasema, kwa Kijerumani, "Na liliishia kwangu. Tarehe kumi na tatu Machi alilisema hapa hapa, na mimi nilisema amekubali na anashukuru." Kisha nikamgeukia Rehani, nikasema hayo hayo kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahili kuyasikia kwanza.

"Na wale vibarua?" akauliza.

"Hawakuwapo, mzee. Hata siku moja."

"Na mimi nilikuombea dua." Hakupandisha sauti. Aliurudisha mkono kwenye kanzu akatoka, na hakuna aliyemzuia.

Nilidhani Bwana Mkubwa atakasirika. Hakukasirika hata kidogo. Alimwuliza Bwana Köster yamebaki majora mangapi. Mia mbili na arobaini. Akaandika katika kijitabu chake, huku akisema kwa sauti: mkono ukwanguliwe, majora yapelekwe Lindi, huko mkono huu hawaujui, chapa mpya itaamuliwa Hamburg. Ilikuwa imechukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Mtu wa Lindi atakayezikwa na nguo ile hajui kwamba leo habari yake imeandikwa.

20 Mei

Nimefukuzwa. Bwana Köster alitishia kunipeleka bomani nikapigwe viboko hamsa ishirini kwa kusema uongo kazini, kisha akakumbuka uongo huo ulimfaa nani, akaacha.

21 Mei

Nimemkuta Rehani mtoni. Nikamwambia nitapanda Kinole nikawaeleze kwamba hana kosa.

"Ukinisemea mimi hawatakusikia," akasema. "Nina kinywa. Wangetaka maneno yangu wangeyachukua." Akanawa uso. "Kajisemee wewe."

24 Mei

Kinole. Naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe chini ya Kiroka, nikishuka kutoka huko.

Nilifika gulio limejaa. Rehani alikuja nyuma yangu, mbali, akasimama pembeni ambako hakuna mtu. Mndewa alikuwapo, na Mwaisha kwenye manjano yake, begani hana kaniki, ana kitambaa cha kuazima. Nilimsalimu shikamoo. Hakuitikia. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, maneno niliyoyapanga njia nzima: kwamba nguo iliyomwaibisha marehemu haikuwa ya Rehani, kwamba hakuijua wala hakuifua, alikuwa kitandani na homa.

"Mkono si wake?" Mwaisha akauliza.

"Mkono ni wake. Nguo si yake."

"Ni ya nani?"

"Ya kampuni, mama."

Watu walinong'ona. Mwaisha aliacha kijiko cha manjano, akasimama.

"Mara ya kwanza ulikuja ukasema kampuni, tukacheka. Leo sicheki. Kampuni sijamwona. Hakuja msibani, hana mama nikamlilie, hana kijiji nikamshitaki. Umenipa upepo, niushike? Nguo haianguki kutoka mbinguni, karani. Ina mwenyewe. Kama huna wa kunionyesha, basi mwenyewe ni huyu," akamnyoshea Rehani kidole, "maana huyu angalau namwona."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nimechelewa kwa zaidi ya miezi miwili. Aibu ile ilikuwa imeshatoka nje, na haiwezi kurudi hewani. Lazima ikae kwa mtu. Kampuni imejengwa ili isikae kwake. Hata mtu akijaribu kuitwika kampuni aibu hiyo, haina mahali pa kushikia. Muda wote ambao sitaji mtu, mtu ni Rehani.

"Ni yangu," nikasema.

"Wewe?"

"Mkono niliuchora mimi. Muhuri niliupiga mimi. Chaki niliiona kwenye mikono yangu nikaendelea kupiga. Rehani aliniuliza kama inafuliwa, nikamwambia inafuliwa. Nguo ile ni yangu."

"Unaitwa nani?"

"Dadi. Dadi bin Athumani, wa Pangani. Mama yangu Mwanahawa."

Alilirudia. Dadi. Akamgeukia jirani yake akamwambia, Dadi, na yule akamwambia wa pili, na nililisikia linatembea kutoka mkeka mpaka mkeka kwenye gulio lote, mpaka likafika nisikosikia. Watu walilitamka bila taabu. Ni jina jepesi.

Kisha Mwaisha akanisogelea karibu kabisa. "Ndugu yangu ameingia kaburini na nguo ya dada yake. Siku ya kufufuliwa atanitafuta anirudishie. Wewe utakuwa wapi?"

Mwaisha akarudi kwenye manjano yake.

Mndewa alimwita Rehani kwa mkono, akaonyesha mahali pake pa zamani karibu na kijito. Rehani akapita mbele yangu. Hakusema nimekusamehe, na sikutarajia. Alikaa chini, na mwanamke mmoja akamletea kibuyu cha maji. Mimi hakuna aliyeniletea, nikageuka nikaanza kushuka.

1 Juni

Jua la kwanza. Masika yamekwisha. Harshad amempa Rehani majora manane ya kuanzia. Anayafua yote.

4 Juni, ndani ya treni

Narudi pwani. Tumesimama Kingolwira, wanawake wanauza ndizi madirishani. Mmoja wao alikuwa anamwonyesha mwenzake kanga ya mtoto aliyoinunua kwa mchuuzi, na mwenzake akaishika ncha, akaivuta, akaitazama juani.

"Umeibiwa, dada," akasema. "Hii ni dadi."

"Dadi ndiyo nini?"

"Hujui dadi? Nguo ya wanga. Ikifika majini imekwisha."

Alisema bila chuki, kama mtu anavyotaja chumvi. Siku kumi na moja tu, na jina limeshanitangulia chini ya mlima. Nilitafuta masika yote jina ambalo watu hawatalisahau, na nimelipata. Nimeona aibu. Kisha nikakumbuka kwamba hawakusema "hii ni ya Rehani," na hilo likanitosha.

Mzee anayekaa mbele yangu, mfanyabiashara wa mikeka kutoka Ngerengere, amenikatia nusu ya ndizi yake na kuniuliza naitwa nani. Ningeweza kumpa jina lolote. Treni ilikuwa imeanza kuondoka.

"Dadi," nikamwambia.

Akacheka kwa furaha. "Kama ile nguo?"

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Kama ile nguo."